Rafu ya Saba ya Godauni la Busia

Vijana wa ghala, mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukikagua rafu zamani, kabla hamjaletewa karatasi zenye visanduku vya kutia alama. Nimekaa nyumbani Lunyo miezi miwili sasa bila kazi, na mke wangu amechoka kuniona nikigonga miguu ya kabati ili nisikie kama imelegea. Kwa hiyo nimekubali. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na mkono wangu huenda polepole, basi msitegemee mambo mengi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikuwa ndefu kiasi cha kujaza ukurasa.

Niliajiriwa Tororo miaka michache baada ya Uhuru. Godauni lilikuwa kando ya reli, refu, la mabati, na kampuni ilikuwa ikiuza kwa jumla: chumvi, sabuni, misumari, majembe, vipuri vya baiskeli. Nilidhani nimechukuliwa kwa sababu ya cheti changu cha shule. Baadaye niliambiwa kwamba walitaka mtu mwembamba anayeweza kupita kati ya rafu na ukuta.

Nilikuwa na haya kupita kiasi. Siku ya kwanza karani aliniuliza jina mara tatu, na mara zote tatu niliiambia sakafu. Nikisemeshwa nilitazama vidole vyangu vya miguu. Kabla ya saa nne wapagazi walikuwa wamekwisha kunipa jina, Bibi Arusi. Nilipotumwa Busia kwa mara ya kwanza, jina hilo lilikuwa limefika kabla yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Othieno, mtu wa Petta, aliyewahi kuwa seremala wa reli. Alikuwa mfupi, na alipenda chai yenye tangawizi nyingi mpaka ikawasha. Vifaa vyake vyote vilikaa katika mfuko mmoja wa unga uliofuliwa: spana mbili, nyundo ndogo, brashi ya waya, chaki nyeupe na nyekundu, uzi mrefu, na timazi ya shaba ya kupimia kama nguzo iko wima, ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Kila jioni aliifuta kwa kitambaa kama mtu anayefuta pua ya mtoto.

Rafu zetu zilikuwa za chuma cha pembe chenye matundu toka juu mpaka chini. Nguzo na mihimili zilikutana kwenye viungo, na kila kiungo kilishikwa kwa bolti nne: mbili juu, mbili chini. Hakuna kilichochomelewa. Ukifungua bolti, rafu nzima inakuwa rundo la vyuma. Ndiyo maana kazi yetu kubwa ilikuwa kuhesabu.

Othieno alianzia chini siku zote. Toroli za mizigo hugonga nguzo kwenye usawa wa goti, na hapo ndipo alipopitisha kiganja kwanza, kabla ya kutazama. Kisha aliangalia mguu wa nguzo, hasa rafu za chumvi. Gunia la chumvi likivuja, chuma kinaliwa kwa chini huku juu kinang'aa. Wakati mmoja pale Tororo aliniita, akachomeka kidole chake kwenye mguu wa nguzo, na kidole kikaingia mpaka kwenye fundo.

"Hii nabeba magunia arobaini," aliniambia. "Na mimi naweza kuitoboa na kidole ya mzee. Andika."

Nikaandika. Tulipakua rafu ile siku hiyo hiyo, kuanzia juu kushuka. Hilo nalo wengi wenu mnalisahau. Kupakia huanzia chini, kupakua huanzia juu. Ukitoa mzigo wa chini ukaacha wa juu, umetengeneza mtu mwenye kichwa kizito na miguu ya panzi.

Siku nyingine nilikuta nguzo iliyopinda, nikaichukulia nyundo nikainyoosha mpaka ikawa wima, nikajisikia fundi. Othieno alikuja, akaitazama, akaweka chaki nyekundu.

"Lakini imenyooka, Fundi," nilisema, kwa sauti yangu ile ya kuomba radhi.

"Imenyooka kwa macho. Ndani imechoka. Chuma ukiikunja na ukairudisha, umeikunja mara mbili. Toa, weka ingine."

Chaki nyeupe ilikuwa na maana kwamba pakia. Chaki nyekundu ilikuwa na maana kwamba usiguse. Na kila rafu ilikuwa na mstari wake katika daftari la ukaguzi, na mwisho wa mstari tuliandika neno moja: nzuri, au mbaya. Othieno alikuwa anaandika "mbaya" mara nyingi kuliko meneja alivyopenda.

Mwaka wangu wa pili alianza kuumwa magoti. Safari za lori kwenda Busia zilimshinda, basi kila mwezi nikawa naenda peke yangu na mfuko mwingine wa vifaa, mpya, wenye timazi ya risasi.

Godauni la Busia lilikuwa dogo, rafu nane tu, hatua chache kutoka mpakani. Wapagazi walikuwa wa zamu mbili. Zamu ya asubuhi walitoka upande wetu wa Uganda, na nyapara wao alikuwa Ouma. Zamu ya mchana walivuka kutoka upande wa Kenya. Zamu hizi mbili zilipishana mlangoni kama watu wanaodaiana salamu: wa asubuhi walisema wa mchana ni wavivu, wa mchana walisema wa asubuhi huwaachia mizigo mizito.

Ouma alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye mabega ya mlango. Kaka yake alikuwa amemwoa dada yangu, kwa hiyo aliniita shemeji mbele ya kila mtu, na kama shemeji alikuwa na ruhusa ya kunitania mpaka nitamani ardhi inimeze.

"Bibi Arusi wetu amefika!" alipiga kelele kila nikishuka kwenye lori. "Leteni mkeka, asikanyage chini!"

Siku zile Busia ilikuwa imeanza biashara ya baiskeli. Mtu akishuka upande mmoja wa mpaka anataka kufika upande wa pili, na katikati kuna mwendo wa jua kali, basi vijana wakawa wanawabeba watu na mizigo nyuma ya baiskeli. Nusu ya wapagazi wetu walifanya kazi hiyo baada ya zamu. Keria ya kawaida haikumudu uzito wa mama na gunia lake, kwa hiyo walitengenezewa keria pana za chuma. Na keria hizo zilihitaji bolti nene, na bolti nene zilikuwa adimu madukani.

Mnaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Mwezi mmoja nilikuwa nikikagua rafu ya saba, iliyobeba misumari na majembe. Kiungo cha kwanza nilihesabu bolti tatu. Cha pili tatu. Nikazunguka rafu yote: kila kiungo kilikuwa na tatu, na kila kimoja kilikosa ile ile, ya chini upande wa kushoto. Ouma alikuwa nyuma yangu akila muwa.

"Usishtuke, shemeji," alisema. "Ni sisi. Keria za vijana. Lakini tumetoa na akili. Moja tu kwa kila kiungo, hakuna kiungo iliyoonewa."

"Inatakiwa nne," nilisema.

"Eh?"

"Nne."

"Sasa tatu nabaki. Wewe ukitolewa jino moja naacha kula nyama?" Wenzake wakacheka. Akatoa bolti mfukoni, akanitia mkononi. "Hii yako. Keria yako nalialia kama mbuzi, nilisikia ukienda kwa dada."

Nilifikiri juu ya zile bolti tatu. Nilijua kwamba kiungo chenye tatu husimama. Nilijua pia kwamba haikuwa kazi yangu kukubali. Lakini kumwambia Ouma hapana, mbele ya watu kumi na moja wanaocheka, kulinishinda kuliko kubeba rafu yenyewe. Nikaandika katika daftari: "Rafu ya saba, nzuri." Nikaenda nyumbani na bolti ile, nikaifunga chini ya keria ya baiskeli yangu. Keria ikaacha kulia.

Mwezi uliofuata nilichelewa kufika kwa sababu lori liliharibika njiani. Nilipoingia ilikuwa karibu saa saba. Zamu ya asubuhi walikuwa wamekwisha kupakia shehena mpya: masanduku ya misumari ghorofa ya tatu na ya nne ya rafu ya saba, na majembe yasiyo na mipini juu kabisa. Ghorofa ya chini walikuwa wameiacha tupu. Hapo sakafu ya saruji ilikuwa baridi, na upepo wa mlangoni ulipita, na hapo ndipo Nabwire, mama aliyewauzia chakula, alipozoea kutenga sufuria yake. Wapagazi walikaa ndani ya rafu, chini ya tani za chuma, wakinawa mikono.

Nilitaka kuanza na rafu ya kwanza kama kawaida. Lakini nilipopita kwenye ya saba jicho likakwama. Nikatundika timazi kwenye nguzo ya pembeni. Uzi uligusa chuma kwa juu. Kwa chini, kati ya uzi na nguzo, viliingia vidole vyangu vinne.

Nikatazama kiungo. Bolti ya chini kushoto haipo, nilijua. Ya chini kulia nayo haipo. Zilibaki mbili za juu peke yake, na kiungo kilichoshikwa juu tu si kiungo tena, ni bawaba ya mlango. Nikatazama cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

"Tokeni," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wakibishana juu ya samaki.

"Ouma, watoe watu."

"Shemeji, njoo ukae! Nabwire, mpe Bibi Arusi mkia, kichwa inamwangalia, ataona haya."

Wakaangua kicheko. Nikajaribu tena, na kicheko kikaifunika sauti yangu. Nilichora mstari mwekundu kwenye nguzo, mrefu, mbele ya macho yao. Mmoja wao akasema, "Na daftari si lilisema nzuri?" akaendelea kumega ugali. Alisema kweli. Mwandiko ulikuwa wangu.

Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo wa Busia wananikumbushia. Niliinama, nikaingia chini ya rafu, nikaishika sufuria ya samaki kwa mikono yangu mitupu, nikatoka nayo. Ilikuwa ya moto kweli. Sikuiachilia mpaka nilipofika nje, juani, ng'ambo ya lori.

"We! We Bibi Arusi!" Nabwire alikuwa nyuma yangu akiwa na mwiko. "Sufuria yangu napeleka wapi? Mimi nimekukosea nini?"

Na nyuma ya Nabwire walikuja wapagazi wote, mikono imejaa ugali, kila mmoja akinitukana kwa lugha ya kwao. Nilisikia Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola kwa pamoja. Nilihesabu vichwa. Kumi na moja, na Ouma wa kumi na mbili. Godauni lilikuwa tupu.

Hapo sauti ikatoka. "Rafu inaanguka," nilisema.

"Inaanguka wapi? Si imesimama ile?"

Nilimshika Ouma mkono, mimi niliyekuwa siwezi kumtazama usoni, nikampeleka kwenye nguzo. Nikamwonyesha uzi. Kisha nikachukua kidole chake nikakitia kwenye tundu la kushoto.

"Hiyo ni mimi," alikubali.

Nikakihamishia kwenye tundu la kulia. Akatia kidole kiungo cha pili, cha tatu, cha nne, akienda kwa kasi zaidi kila mara. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika.

"Hii si sisi, shemeji. Naapa. Sisi tulitoa kushoto tu." Kisha akaelewa, akashika kichwa. "Watu wa mchana. Na wao wametoa moja moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamu ya mchana nao walikuwa na baiskeli, nao walikuwa na akili ile ile ya haki, moja kwa kila kiungo. Kama zamu hizi zingekuwa zinasemeshana, mmoja angemwambia mwenzake. Mtu pekee aliyekagua nyuma ya wote wawili ni mimi.

Ilibidi kuipakua, na kupakua ni kutoka juu, na ngazi ya kuegemeza kwenye rafu ile ingekuwa ndiyo msukumo wa mwisho. Mpagazi mmoja alileta kamba ili tuifunge na rafu ya sita. Nikamkataza. Rafu mbovu usiifunge na nzima, utaangusha mbili. Tuliitegemeza kila upande kwa miti tuliyoishusha kwenye lori, polepole, bila kugonga. Kisha kapi, gurudumu la kupitishia kamba, ikafungwa kwenye mbao za paa.

"Nani napanda?" aliuliza Ouma.

"Mimi," nilisema. Hakuna aliyecheka.

Nilipanda rafu ya sita, nikakaa juu yake, nikawa nanyoosha mikono kwenye ya saba. Nilifunga kila tita la majembe kwa kamba, na Ouma peke yake alishika upande wa pili, akiwa mbali kadiri kamba ilivyoruhusu, akilishusha. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya sufuria, na kila fundo nililifunga nusu kwa meno. Wengine walikaa nje. Nabwire pia alikaa nje, ila alikuwa ananihesabia kwa sauti kila tita likifika chini, nadhani ili asilie.

Majembe yakaisha. Tukaingia ghorofa ya nne. Kwenye sanduku la sita la misumari rafu ilitoa sauti, si kubwa, kama mtu mzima anayeketi kwenye kitanda cha kamba, na nguzo yote ikasogea kuelekea mlangoni. Sanduku lilikuwa tayari linaning'inia. Ouma angeweza kuachilia kamba akakimbia, na sanduku lingegonga rafu. Hakuachilia. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, akalivuta lije kwake, likatua. Kisha akanitazama.

"Endelea, shemeji. Pole pole."

Tulimaliza saa kumi. Rafu ya saba ilisimama pale ikiwa tupu, imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hakuna aliyeumia, ukiacha mikono yangu. Samaki walikuwa wamepoa, tukala hivyo hivyo.

Asubuhi yake Othieno alikuja kwa lori pamoja na magoti yake. Alitembea kuzunguka rafu akipitisha kiganja kwenye kila nguzo. Akafungua daftari.

"Mwezi jana uliona ngapi?"

"Tatu, Fundi."

"Ukaandika nini?"

"Nzuri."

"Kwa nini?"

Nilimwambia ukweli. Sikuweza kusema hapana mbele ya watu. Nilimwambia pia ya keria yangu. Alifunga daftari, akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu mkali kama yeye. "Na mimi niliona kwamba wewe naogopa watu. Nikakutuma peke yako. Hii iandikwe na jina yangu pia."

Lakini meneja, alipofika mchana wa siku hiyo, hakuandika jina la Othieno, wala langu. Alisikiliza yote akiwa amesimama, akauliza nani alikuwa nyapara, akamvua Ouma unyapara pale pale na kumrudisha kubeba. Nilisema kwamba bolti moja ninayo mimi, na kwamba mimi ndiye niliyeandika. Nilisema kwa sauti ya kusikika. Aliniagiza niirudishe bolti. "Nikikufukuza wewe, nani atahesabu?" aliuliza, akapanda gari lake.

Zamu zote mbili zilirudisha bolti katika kopo la samli. Kwa wiki kadhaa abiria wa Busia walibebwa kwenye keria zilizofungwa kwa vipande vya tyubu, na hawakujua kwa nini wanayumba. Mimi na Othieno tuliifungua rafu ya saba yote, tukaitengeneza upya, tukitupa nguzo tatu. Tangu siku ile hatukuandika tena nzuri wala mbaya. Tuliandika idadi, kiungo kwa kiungo, na ninyi mnaolalamika kwamba fomu za Busia ni ndefu, aliyezirefusha ni mimi.

Ouma hakunisemesha kwa miezi mitatu. Nyumbani kwa dada alipokea chai na kutazama pembeni. Nilikwenda kwake mara mbili kuomba radhi. Mara ya pili alinijibu kwa kifupi. "Wewe naandika, mimi nabeba. Meneja alichagua hivyo. Si wewe."

Siku ya kupakia rafu ya saba upya nilikuwapo. Nyapara mpya aliwaamuru waanze. Ouma alikuwa wa kwanza kwenye mstari, sanduku la misumari begani, jasho linamtoka. Alifika mbele ya rafu akasimama. Walio nyuma yake wakaanza kulalamika. Hakugeuka. Alinitazama mimi.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nne," nilisema.

"Kila kiungo?"

"Kila kiungo. Nimegusa kwa mkono."

Nyapara akapiga kelele kwamba mzigo haujibebi. Ouma aliendelea kunitazama kitambo, sanduku begani, kama anayesoma mwandiko mdogo. Nami nilimtazama machoni mpaka mwisho. Kisha akainama, akasukuma sanduku lake ndani kabisa, ghorofa ya chini, akawapisha wengine.